Halijoto ya Rangi: Namba Inayowapoteza Wanunuzi wa Ampuli

Pale Miti barabara itokayo Bukavu, Kongo, hugawanyika. Njia moja huendelea Kavumu, Kalehe na Goma. Nyingine hupanda Tshivanga, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kisha hushuka Bunyakiri. Huko juu, kwenye miteremko ya mlima Kahuzi wenye mita 3,308, ukungu huweza kutanda hata pasipo mvua, na dereva akajikuta haoni ukingo wa barabara. Kwa watu wa njia hiyo, ampuli ya gari ni jambo la uhai. Wakienda kuinunua, namba zinazowatazama kwa ukubwa kwenye pakiti ni hizi: 3200K, 4300K, 5000K, 6000K. Wengi huchukua iliyo kubwa, wakiamini ndiyo yenye mwanga mwingi.

Herufi K ni kelvini, kipimo cha halijoto kilichopewa jina la Lord Kelvin, yaani mwanafizikia William Thomson, aliyependekeza ngazi yake mwaka 1848. Sifuri ya ngazi hiyo iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Na kinachotajwa kwenye pakiti, kwa istilahi, ni halijoto ya rangi.

Chuma kikiwa motoni kwa mhunzi huanza kuwa chekundu, kikizidi kupata moto huwa cha rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha huelekea weupe. Fizikia imefanya mfuatano huo kuwa rula: rangi ya mwanga hutajwa kwa halijoto ambayo kitu kingepaswa kuifikia ili king'ae kwa rangi hiyo. Mshumaa uko karibu na kelvini 1,900. Jua, kwenye uso wake, karibu 5,800. Ndiyo maana namba ikipanda mwanga huondoka kwenye umanjano na kuelekea ubuluu. Wingi wa mwanga haumo katika hesabu hiyo hata kidogo. Wingi hupimwa kwa lumeni.

Ndani ya ampuli ya halojeni mna uzi wa tungsteni unaowaka kwa takriban kelvini 3,200, kwa hiyo hapo namba hukaribia halijoto halisi ya uzi wenyewe. Lakini tungsteni huyeyuka ikifika kelvini 3,695. Basi ampuli ya halojeni iliyoandikwa 5000K haiwezi kuwa na uzi wenye halijoto hiyo. Ungekuwa umekwisha yeyuka. Kilichofanyika ni kupaka kioo rangi ya buluu. Rangi hiyo humeza sehemu ya wekundu na umanjano wa mwanga, na kilichomezwa hakifiki barabarani. Mnunuzi amelipa zaidi kwa kioo kinachomzuilia mwanga. Nasema hivi kwa uchungu, maana anayeuziwa ni mtu anayepandisha abiria mlimani kwa kuamini pakiti.

Taa za LED hazina uzi unaowaka kwa joto, hivyo namba yao ni ulinganisho mtupu. Wataalamu huongeza neno na kusema halijoto ya rangi linganifu.

Tafsiri yetu ya Kiswahili, halijoto ya rangi, ni sahihi kwa darasa la fizikia. Imetofautisha vizuri joto, ambalo ni nishati, na halijoto, ambayo ni kipimo. Dukani, hata hivyo, inamponza msikilizaji: akisikia joto la 6000 atadhani taa inawaka kwa nguvu zaidi. Tena wauzaji wengine huuita mwanga wa buluu "baridi" na wa manjano "moto", kinyume kabisa cha kipimo. Kwa hiyo napendekeza istilahi mbili kwa kazi mbili: halijoto ya rangi ibaki vitabuni, na kwenye pakiti na kaunta tuseme rangi ya mwanga.

Turudi kwenye ukungu. Matone yake ni madogo kwa jicho, lakini ni makubwa mara nyingi kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, manjano yakiwemo. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, na madereva wengi bado huyapenda manjano kwa kuwa hayachomi jicho. Hiyo ni sababu nzuri. Hata hivyo, hakuna rangi inayotoboa ukungu. Taa ya ukungu husaidia kwa umbo la mwanga wake: imefungwa chini, inamwaga mwanga mpana na bapa, umekatwa juu, ili mwanga upite chini ya macho ya dereva na kurudishwa kidogo. Ukiwasha taa kubwa katika ukungu unajijengea ukuta mweupe.

Umbo hilo la mwanga hutegemea mahali uzi ulipokaa ndani ya ampuli. Chomeka LED ya bei rahisi katika taa iliyobuniwa kwa ampuli ya halojeni ya aina ya H4, na mwanga hutawanyika hadi machoni mwa anayekuja. Na magari mengi ya mitumba kutoka Japani yana taa za kuendeshea upande wa kushoto: mwanga wao mfupi huinuka kushoto, na Kongo huendesha kulia, kwa hiyo kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ampuli haiwezi kutibu hilo. Hutibiwa kwa kubadili taa nzima.

Wati zinazoandikwa kwenye pakiti nazo ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha wingi wa mwanga. H4 ya kawaida ni wati 60 kwa taa kubwa na 55 kwa taa fupi. Wapo wanaofunga za wati 100 na 90 bila kubadili nyaya, na soketi huungua.

Mwenye gari la H4 aulize lumeni: kwa kiwango cha kimataifa, takriban 1,650 kwa taa kubwa na 1,000 kwa fupi. Kwa taa ya ukungu ya H11 yenye wati 55, ni takriban 1,350. Kioo cha ampuli kiwe cheupe au cha manjano. Chenye buluu akirudishe juu ya kaunta.