Kalenda ya Majuma Manane: Farasi na Minyoo Wake

Aliyepata kumwona farasi ameshikwa na msokoto wa tumbo, akijibwaga, akigaagaa, kisha akiinuka na kuutazama ubavu wake mwenyewe, hastaajabu kwamba maradhi hayo yaliwatia hofu wapanda farasi wa kila taifa kwa dahari nyingi. Mwaka 1870 tabibu wa Kijerumani, Otto Bollinger, alichapisha kitabu akabainisha kuwa aghalabu chanzo chake ni uvimbe katika mshipa mkuu unaopeleka damu utumboni, na kwamba mwenye kuufanya uvimbe huo ni mnyoo, ambaye wataalamu humwita Strongylus vulgaris.

Safari ya mnyoo huyu ni ya kutisha. Mabuu wake humezwa pamoja na majani ya malisho, hutoboa ukuta wa utumbo, huingia ndani ya mishipa ya damu na kupanda kinyume cha mkondo mpaka kwenye mshipa ule mkuu, hukaa humo kiasi cha miezi minne wakiuchubua na kugandisha damu ndani yake, ndipo hurudi utumboni kukomaa na kutaga. Na mayai, yakitoka na kinyesi, huyarudisha mauti yale yale malishoni. Dawa za kale, kama vile tumbaku na tapentini, hata fenothiazini iliyoenea katika miaka ya 1940, zote ziliishia tumboni, wala hapakuwa na iliyoweza kumfuata adui ndani ya mshipa.

Mwaka 1961 ikazuka thiabendazoli, dawa iliyokuwa salama kuliko zilizotangulia. Walakini mimi siwafuati wanaoipa dawa hiyo sifa yote, kwani ushindi ulikuwa wa hesabu ya siku. Harold Drudge na Eugene Lyons, wa Chuo Kikuu cha Kentucky, katika nchi ya mashamba ya farasi wa mbio, walishauri mwaka 1966 kwamba farasi wote wapewe dawa kila baada ya majuma manane, mgonjwa na mzima, kabla mayai hayajapata kurejea kwa wingi malishoni. Ikiwa mabuu ndani ya mshipa hawafikiki, basi wakomavu wauawe kila watokeapo, mpaka uzao ukatike. Na ukakatika: mashamba yaliyoifuata kalenda hiyo yakampoteza muuaji yule karibu kabisa, hasa baada ya kuja, katika miaka ya 1980, ivermektini, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Ito, Japani, na iliyoweza kuwafikia hata mabuu walio mishipani.

Lakini kalenda ile ile ikamlea adui mwingine. Wako minyoo wadogo, jamii zipatazo hamsini, ambao mabuu wao hujizika katika ukuta wa utumbo mpana, pengine zaidi ya mwaka, kisha hutoka kwa pamoja na kumhilikisha farasi kwa kuhara. Kila majuma manane dawa ikiua wanyonge, ikawaachia uwanja wasiodhurika nayo. Na usugu dhidi ya thiabendazoli ulidhihiri Kentucky kwenyewe kabla ya muongo ule wa 1960 kwisha. Mwaka 2002 ikaripotiwa Uholanzi kuwa ivermektini nayo imeshindwa na mnyoo wa aina nyingine, yaani mchango mkubwa wa watoto wa farasi.

Ajabu ni kwamba chombo cha kuepukana na balaa hilo kilikuwapo tangu 1939, nacho ni kile kijisanduku cha kioo cha kuhesabia mayai ya minyoo kwa hadubini, kilichobuniwa Sydney kwa ajili ya kondoo. Farasi wachache ndio wanaotoa mayai mengi ya kundi zima; basi kwa nini wote wanyweshwe? Denmark ilipiga marufuku mwaka 1999 kutoa dawa pasipo amri ya daktari wa mifugo, na madaktari wakashika desturi ya kuhesabu kwanza, kisha kumtibu aliyevuka, tuseme, mayai 200 kwa gramu moja ya kinyesi.

Mwaka 2012 watafiti wa huko huko wakatangaza kuwa mnyoo wa Bollinger ameonekana zaidi katika mashamba yaliyotibu kwa kuchagua kuliko katika yale yasiyochagua. Mayai yake hayatofautiki na ya wale wadogo chini ya hadubini. Hivyo hesabu ndogo humsitiri, na atakaye kumjua hana budi kukiweka kinyesi katika joto kwa majuma mawili hivi, mpaka mabuu waanguliwe na kukua, ndipo awatambue mmoja mmoja.