Umeme Wenye Saa: Nyumba Janja, Mita ya LUKU na Kilele cha Jioni Tanzania

Septemba 2023 Tanzania ilikuwa imerudi kwenye mgao wa umeme. Machi 2024, kabla hata mwaka haujatimia, shirika la umeme TANESCO lilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulikuwa umezidi mahitaji. Katikati ya nyakati hizo mbili mvua zilinyesha kwa wingi, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kazi mwezi Februari. Hayo ni ya upande wa uzalishaji. Upande wa watumiaji halikutokea lolote. Nyumba iliyopasha maji saa moja jioni wakati wa uhaba ndiyo iliyopasha maji saa moja jioni wakati wa ziada, kwa bei ileile. Gridi haikuwa na namna ya kuiambia nyumba hiyo kwamba leo umeme ni haba au kwamba leo umeme unamwagwa. Lugha pekee iliyokuwa nayo ni kukata.

Jibu linalotolewa siku hizi kwa tatizo la aina hii ni nyumba janja: nyumba ambamo taa, kiyoyozi, hita ya maji na friji vimefungwa vihisio, vinawasiliana kwa intaneti na kupokea maelekezo kutoka kwa mwendeshaji wa gridi. Wanaoitetea husema itapunguza matumizi ya nishati na gharama za kaya kwa pamoja. Makala haya yanapinga dai hilo kama linavyosemwa, ingawa hayapingi lengo lake. Hoja yangu ni kwamba kinachoweza kuunganishwa na gridi kwa manufaa ni akiba iliyomo ndani ya nyumba, iwe ya joto, ya baridi au ya maji. Nyumba isiyo na akiba haina cha kuipa gridi, hata ikijazwa vihisio kila chumba. Na kwa Tanzania, kizuizi kikubwa cha kuitumia akiba hiyo ni namna mita ya LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, inavyohesabu umeme.

Kuna jambo ambalo wanazuoni hawalumbani juu yake. Tangu mhandisi Fred Schweppe na wenzake walipoeleza mwaka 1980 kwamba matumizi nayo yanaweza kufuata hali ya gridi, badala ya uzalishaji kuyafuata matumizi milele, msingi wa kinadharia umekubalika. Mchumi Ahmad Faruqui naye, kwa kukusanya majaribio ya nchi nyingi, ameonyesha kwamba kaya huitikia bei zinazobadilika kwa saa, na kwamba mwitikio huongezeka tofauti ya bei inapokuwa kubwa na pale kifaa kinapomsaidia mtumiaji kuitikia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi uko kwenye neno kuokoa. Tom Hargreaves na Charlie Wilson, waliofuatilia kaya za Uingereza zilizofungiwa vifaa vya nyumba janja, walipata ushahidi mdogo sana wa kuokoa nishati, na wakaonya kwamba vifaa hivyo vinaweza hata kuongeza matumizi, kwa sababu watu huvitumia kujipatia starehe ambazo hawakuwa nazo. Yolande Strengers, akiandika kutoka Australia, amekwenda mbali zaidi. Anasema teknolojia hizi zimebuniwa kwa ajili ya mtumiaji wa kufikirika: mwanamume mpenda takwimu anayesimamia nyumba yake kama meneja wa kiwanda, asiye na watoto wanaolia wala nguo za kufua. Ukosoaji huo una uzito kwetu. Katika kaya nyingi za Dar es Salaam au Mbeya, anayeamua lini maharage yabandikwe na lini nguo zipigwe pasi ni mama wa nyumba au dada wa kazi, na mara nyingi simu yenye programu ya kuendesha vifaa haiko mkononi mwake.

Wanaotuuzia nyumba janja kama chombo cha kubana matumizi wanapaswa pia kujibu swali la Cape Town. Wachumi Kelsey Jack na Grant Smith walichunguza zaidi ya wateja 4,000 wa jiji hilo waliohamishwa kutoka mita za kulipia mwisho wa mwezi kwenda mita za kulipia kabla. Matumizi yao ya umeme yalishuka kwa takriban asilimia 14, na upungufu huo ulidumu kwa mwaka uliofuata. Hakukuwa na vihisio wala intaneti ndani ya nyumba. Mteja alianza tu kuona salio likipungua na kulipa kabla hajatumia. Tanzania ilianza kufunga mita za LUKU miaka ya 1990, na leo ndizo mita za kawaida majumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nidhamu ambayo nyumba janja inaahidi kuileta, LUKU imekwisha kuileta, kwa bei ambayo mnunuzi wa uniti za shilingi elfu mbili anaimudu. Sisemi kwamba punguzo lote la namna hiyo ni ufanisi. Kaya inayokaa gizani kwa sababu salio limekwisha haijapata ufanisi, imekosa umeme. Ila nafasi iliyobaki ya kupunguza uniti katika nyumba ya kawaida ya Kitanzania ni finyu kuliko ile ya nyumba ya Marekani, tuseme ya Colorado, na sera iliyojengwa juu ya makadirio ya Colorado itakata tamaa mapema.

LUKU haijawahi kumfundisha mteja saa. Inamfundisha kiasi, na inamfundisha vizuri. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti (kilowati-saa) hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa zinazozidi hapo. Mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Bei zote ni kabla ya kodi. Ndiyo maana wateja wa D1 huchunga sana mpaka wa uniti 75. Lakini uniti ya saa nane mchana, mitambo ikiwa na nafasi, na uniti ya saa mbili usiku, kila laini ikiwa imeelemewa, zina bei moja.

Sababu ya jambo hili imefichika kidogo, na naona ndiyo kiini cha mjadala mzima. Tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 hubeba uniti. Mteja hutoa fedha kwenye simu au kwa wakala, mfumo wa mauzo hugeuza fedha kuwa uniti hapohapo, kisha mita hupokea idadi ya uniti na kuanza kuzipunguza. Bei imekwisha kuamuliwa wakati wa kununua. Mita haijui bei, na haina haja ya kuijua. Ukitaka kumtoza mteja huyu nafuu usiku wa manane na zaidi saa mbili usiku, huwezi, kwa sababu uniti alizonunua Jumatatu asubuhi hazina saa. Unaweza kumjazia vihisio kwenye hita, friji na kiyoyozi, vikawasiliana vyema na mtandao, na bado akose sababu hata moja ya kifedha ya kuhamisha matumizi yake. Hapo ndipo majaribio mengi ya nyumba janja yatakapokwama katika nchi zinazotumia mita za aina hii, na ni nchi nyingi.

Si kwamba gridi haiwezi kuifikia nyumba ya LUKU. Mwaka 2024 iliifikia. Mita za mfumo huu huhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993 kwa namba yenye biti 24, na dakika 16,777,216 zilikuwa zinafikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingeboreshwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena tokeni mpya. TANESCO iliwatumia wateja tarakimu za ziada pamoja na umeme walionunua, nao wakaziingiza wenyewe, kundi baada ya kundi, ndipo wakaingiza za umeme. Naliona tukio hili kuwa somo kubwa kuliko jaribio lolote la maabara. Mipangilio ya mita ilibadilishwa nchi nzima bila fundi kugonga hodi na bila intaneti, kwa vidole vya wateja wa kawaida wakiwemo wazee na wanafunzi. Miundombinu ya kijamii ya kuunganisha nyumba na gridi ipo. Kinachokosekana ni mita inayoshika fedha na saa.

Sasa tuje kwenye akiba, maana bei ya saa haina kazi pasipo kitu cha kuhamisha. Hita yenye tangi la lita 50, ikipasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, hutumia takriban uniti 2.3, na maji hayo hukaa na joto kwa saa kadhaa. Katika miji ya baridi kama Arusha, Mbeya na Njombe, hita hiyo inaweza kupashwa saa tisa alasiri na watu wakaoga saa mbili usiku bila kuhisi tofauti. Lakini kaya nyingi zinazonunua hita leo zinanunua ile ndogo ya papo kwa papo, inayofungwa juu ya bomba la kuogea. Haina tangi. Huvuta kilowati 5 hivi wakati uleule mtu anapooga, na hakuna mita wala programu itakayoihamisha. Kifaa cha bei nafuu kwa mnunuzi ni kifaa ghali kwa transfoma ya mtaa, na hakuna sera inayomwambia hivyo.

Simtanki la maji nalo lina habari yake. Kupandisha lita 1,000 za maji hadi kwenye mnara wa mita 10 hakuhitaji hata sehemu ya kumi ya uniti, hata ukihesabu upotevu wa pampu. Anayetafuta kuokoa uniti hapo hatapata kitu. Lakini pampu laki moja za kilowati 0.75 zikiwaka kwa pamoja jioni watu wanaporudi kazini ni megawati 75, na hakuna hata moja inayolazimika kuwaka saa hiyo. Friza la muuza samaki au barafu linaweza kugandisha zaidi mchana na kupumzika saa mbili za jioni. Jikoni mambo hugawanyika: maharage kwenye jiko la presha la umeme yanaweza kupikwa mchana yakapashwa jioni, ila ugali hausubiri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hata sehemu ndogo ya lengo hilo ikitimizwa kwa umeme, ugali wa mtaa mzima utaingia kwenye transfoma ileile saa ileile.

Hapa napinga hoja kwamba Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeyamaliza haya. Limeongeza umeme Rufiji. Halijanenepesha nyaya za Mbagala, Dar es Salaam. Upotevu katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, hivyo umeme uleule ukipitishwa kwa nusu ya muda, upotevu wake ndani ya waya huwa maradufu. Kuusambaza mzigo wa jioni kwenye saa nyingine ni kuokoa nishati halisi hata kama mteja hajapunguza uniti moja, na huu ndio ufanisi ambao mita ya nyumbani haiwezi kuuonyesha.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuhamisha mzigo huo ni la mamlaka: nani anaizima hita yangu? Tarehe 30 Agosti 2022, wateja takriban 22,000 wa kampuni ya umeme ya Xcel jimboni Colorado, waliokuwa wamejiunga kwa hiari na mpango unaoiruhusu kampuni kudhibiti viyoyozi vyao, walijikuta hawawezi kuvirekebisha siku ya joto kali. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Septemba, California ilitumia njia nyingine. Mahitaji yalikuwa yamepita megawati 52,000 na gridi iko ukingoni, serikali ikatuma ujumbe wa simu kuomba watu wapunguze matumizi. Ndani ya nusu saa mahitaji yalishuka kwa megawati 2,000 hivi. Ujumbe wa dharura hauwezi kutumwa kila jioni, maana watu watauzoea. Hata hivyo unathibitisha kwamba mtu aliyeombwa huitikia. Afrika Kusini nayo ilijaribu jambo mwaka 2023 huko Fourways, Johannesburg: badala ya kuzima nyumba zenye mita janja, Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ilizipunguzia kiwango hadi ampea 10. Kwa volti 230 hizo ni kilowati 2.3, zinazotosha taa, friji, feni na runinga. Laiti mgao wetu wa 2023 ungekuwa wa namna hiyo, chanjo katika friji ya zahanati ya mtaa isingelala joto kwa sababu tu zahanati iko kwenye laini moja na hita za majirani.

Kwa hiyo uamuzi wa haraka unahusu mita janja zinazoanza kufungwa nchini, kabla zabuni hazijawa kubwa. EWURA izitake zishike salio la shilingi badala ya uniti, ziwe na saa, na ziweze kupunguza ampea bila kukata. Kenya tayari ina bei ya usiku iliyo nafuu kwa viwanda tangu 2017, na kwa kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme tangu 2023. Uganda inawatoza wateja wakubwa kwa bei zinazobadilika kwa saa. Hatuna sababu ya kuwaacha wateja wa majumbani. Wateja wa D1 wapewe punguzo la mchana pekee, wasitozwe zaidi jioni, kwani hawana tangi wala friza la kuhamisha. Takwimu za saa kwa saa, ambazo zinafichua lini nyumba iko tupu, zilindwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwenye nyumba abaki na kitufe cha kukataa. Na kodi ya hita yenye tangi ishushwe chini ya ile ya hita ya papo kwa papo, kuanzia mikoa ya baridi, mita hizo zikiwa bado njiani.