Tulienda kutalii maporomoko ya Pangani, tukakuta jabali

Najua nimepotea kitambo, testi zilikuwa zimenikaba koo. Leo nimerudi na habari ya safari, ila natahadharisha mapema: mwandishi ni mtu wa historia, kwa hiyo miaka itakuwa mingi. Mvumilivu hula mbivu.

Ilikuwa hivi. Bumu lilipotoka tukaanza kubishana chumbani twende wapi. Wenzangu wawili walishafika Materuni, kule Moshi, wakaoga chini ya maporomoko, wakanywa kahawa ya kutwanga, wakarudi na picha za kutosha kutunyanyasia sisi wengine. Mimi mtoto wa Pangani nikaona wivu. Nikawaambia, jamani, na sisi kwetu tunayo maporomoko, tena yamo kwenye vitabu vya Wazungu tangu karne ya 19. Twendeni Hale mkashangae.

Tukashuka Hale, pale kwenye barabara kuu kati ya Segera na Muheza, tukachukua bodaboda tukapita kwenye mashamba ya mkonge. Eneo la mitambo huingii bila kibali, kwa hiyo tulisimama mbali kidogo tukaangalia. Na tulichokiona ni jabali. Jabali pana, limechakaa kwa kupigwa na maji ya miaka na miaka, na katikati yake vijito vyembamba vinateremka taratibu kama havina haraka. Mwenzangu mmoja akanigeukia: "Haya bwana, hayo maporomoko yako wapi?" Nikakosa jibu.

Akapita mzee mmoja na mbuzi wake. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza, "Mmepotea, wanangu?" Tukamwambia tumekuja kuona maporomoko. Akacheka mpaka akashika fimbo vizuri. "Yapo. Yamekwenda kazini. Njooni masika mvua ikizidi, mtayakuta likizo."

Wenzangu walicheka njia nzima. Mimi lile neno lilinikaa kichwani: yamekwenda kazini. Kazini kwa nani? Tangu lini? Na mshahara anapokea nani? Niliporudi nikaingia maktaba, na hiki ndicho nilichokipata.

Tuanze na watalii wa mwanzo. Mwezi Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Pangani mjini kufuata mto. Walipita Chogwe, ngome ya askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar, wakapanda mpaka Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, ambaye wakati huo alikuwa mzee mgonjwa na alichotaka kwa wageni ni dawa. Katika safari hiyo waliyaona maporomoko, na Burton akayaandika kwa sifa kubwa. Wazigua waliokuwa wakiishi kando ya mto hawakuhitaji kuambiwa kwamba yapo, lakini hilo tunalijua.

Kinachonigusa mimi zaidi ni kule Chogwe. Pale ndipo walipomchukua Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa mpaka India, akaja kurudi Afrika akiwa mtu huru. Bwana huyu baadaye alitembea na Speke, na Stanley, na Cameron, mpaka akavuka bara zima kwa miguu. Kwa hiyo wadau, mmoja wa waongoza wageni maarufu kabisa katika historia ya nchi hii alianzia kazi pembeni ya mto wetu. Nimesoma historia tangu kidato cha kwanza, sikumbuki hata mara moja mwalimu kulitaja jina lake.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani. Miaka minne tu baadaye, 1893, mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka Pangani mjini. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902. Mkonge ukaifuata reli, na baada ya vita vya kwanza, Mwingereza aliposhika nchi, ukaja kuwa zao kubwa kuliko yote ya kuuzwa nje.

Mkonge una tabia moja. Jani likishakatwa linatakiwa kupelekwa haraka kwenye korona, ule mtambo unaoliponda ili nyuzi zitoke, na korona inataka nguvu. Watu wa kukata walikuwapo: manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe mpaka Msumbiji, wakalazwa kambini na kuhesabiwa kwa kipande. Nguvu ya mitambo je? Ndipo macho yakageukia maporomoko.

TANESCO ilisajiliwa 1931. Wengi wetu tunadhani ilizaliwa mali ya serikali. Hapana, ilikuwa kampuni ya watu binafsi, na mwaka 1932 sehemu kubwa ya hisa ikachukuliwa na kampuni ya umeme ya Nairobi, East African Power and Lighting. Mwaka 1934 kikajengwa kituo cha Pangani, ambacho kilikuja kufikia megawati 17.5. Umeme wake ulikwenda Tanga mjini na kwenye mashamba ya mkonge. Hapo ndipo maji yetu yalipoandikwa kazi. Yeye naye akawa manamba.

Uhuru ulipokuja, serikali ilinunua hisa za TANESCO 1964, na mwaka huohuo kituo cha Hale kikaanza na megawati 21. Huko juu likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, nalo likawekewa mitambo ya megawati 8. Mwaka 1995 kikafunguliwa kituo kipya cha Pangani, megawati 68, kwa fedha za Norway, Sweden na Finland. Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kuelewa: maji yanazuiwa juu ya maporomoko, yanaingizwa kwenye handaki, yanaporomoka ndani ya mwamba zaidi ya mita 160, yanazungusha mitambo miwili, halafu yanarudishwa mtoni huko chini. Kwa hiyo maporomoko hayajafa. Yapo, ila yako ndani ya mwamba, yanaanguka gizani. Kule nje limebaki jabali.

Na hapa ndipo nilipowapata wale wenzangu wa Materuni. Maji ya Materuni yanatoka Kilimanjaro, yanaingia katika bonde hilihili la Pangani. Maji waliyooga wao na kulipia kiingilio, yakiponyoka kwenye mifongo ya Wachaga na mashamba ya mpunga ya Moshi chini, ndiyo yanayoshuka Nyumba ya Mungu, yakapita Korogwe, yakaja kuzungusha mitambo ya Hale na Pangani. Huko juu ni mtalii, huku chini ni kibarua.

Sasa kila mmoja anayataka. Mkulima wa juu akifungua mfereji, huku megawati zinapungua. Ofisi ya Bonde la Mto Pangani ilianzishwa 1991 kwa ajili ya kugawa maji, na ugomvi haujaisha. Anayesahaulika ni wa mwisho kabisa, yule wa mdomoni. Mto ukipungua nguvu, bahari inapanda. Wakulima wa karibu na mdomo wa mto wamelalamika miaka mingi kwamba maji ya chumvi yanaingia mashambani na minazi inakauka. Kwetu mtu akichota maji mtoni anayaonja kwanza.

Niseme la moyoni. Mimi shule ya msingi nilisomea koroboi, nikienda darasani pua nyeusi. Wakala wa umeme vijijini, REA, ulianza kazi 2007, lakini nyumbani nguzo zilichelewa sana kufika. Mto uliokuwa ukiwasha korona tangu miaka ya 1930 ulipita karibu na nyumba ya bibi yangu kila siku, na bibi ananunua mafuta ya taa kwa kibaba. Sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu kwenye kitabu tunaandika "uchumi wa kikoloni ulijenga miundombinu kwa maslahi ya mkoloni", tunapata alama, tunapita. Kumbe sentensi ile ni jabali la Hale, na ni koroboi ya bibi.

Kuna jambo moja nataka tulijadili kwa utaratibu. Leo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Weka 68 za Pangani pembeni yake. Zamani kila tone la Pangani lilikuwa na thamani ya kufa na kupona kwa gridi, hasa mwaka ule wa mgao mkali wa 2006. Je, sasa hatuwezi hata kuuliza, kama sehemu ya maji yale inaweza kuachiwa ishuke mpaka mdomoni, isukume chumvi nyuma? Najua Tanga inahitaji kituo kilicho karibu nayo, na mimi si injinia. Ila manamba wenyewe walikuwa na mkataba, ukiisha wanarudi kwao. Haya maji mkataba wao unaisha lini?

Nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya uchumi wa kikoloni sitaanza na ubao. Nikipangiwa shule ya Tanga nitawapeleka wanafunzi pale nilipotahayari mimi, niwaulize swali lilelile: maporomoko yako wapi? Watafute wenyewe.

Wenzangu wameshaniambia masika wanarudi. Mzee wa mbuzi ametuahidi likizo. Kazi njema wadau, ngoja nikamalizie asaimenti kabla umeme haujakatika.