Baada ya kutiwa vyuma mguuni: kupona kunakofanyika nyumbani

Mtu akivunjika mguu Sangailu, safari yake ya kutafuta matibabu ni ndefu. Aghlabu hupitia Masalani kwanza, kisha Garissa kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, na wengine huteremka hadi Mombasa, Coast General. Akishapasuliwa na kutiwa vyuma, haichukui siku nyingi anaruhusiwa, anapewa magongo mawili na karatasi ya kurudi kliniki. Akifika nyumbani jamaa humpokea kwa dua na kusema alhamdulillahi amepona. Kusema kweli, bado. Kilichokwisha ni kazi ya daktari. Iliyobaki ni ya mgonjwa na watu wa nyumba yake, na itafanyika kwenye mchanga, kwenye choo cha shimo, na mbali na eksrei.

La kwanza kulielewa ni kwamba chuma hakiungi mfupa. Chuma hushika vipande visisogee, na mfupa hujiunga wenyewe kwa uwezo wa Mola. Chuma hicho huwa ni bamba lililokazwa kwa skrubu, au msumari mrefu uliopitishwa ndani ya uboho. Njia ya msumari ilianza na Gerhard Küntscher wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1939. Siku hizi ipo misumari inayotolewa na shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Imebuniwa hasa kwa hospitali zisizo na mashine ya eksrei ndani ya chumba cha upasuaji, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoitumia.

Sasa chukua waya wa kufungia ua, uukunje huku na huku mara nyingi. Utakatika, hata uwe mgumu vipi. Ndivyo ilivyo kwa chuma cha mguuni kinachobebeshwa uzito kila siku juu ya mfupa usioungana. Kwa mtu mzima, mfupa wa paja au wa muundi huchukua miezi 4 hadi 6, na zaidi ikiwa ngozi ilipasuka mfupa ukatokeza nje. Mkono huwa mwepesi zaidi, na watoto huungana haraka kuliko wazazi wao. Kwa hivyo kukosa maumivu si ruhusa ya kutupa magongo. Mchungaji anaona ng'ombe wanapotea, anainuka na kuwafuata wiki ya 5, na chuma kinapinda. Hapo atapasuliwa upya, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kuna kosa la upande wa pili, nami naona ndilo linaloacha vilema wengi: kulala tu. Goti lisilokunjwa kwa miezi 2 hukakamaa, na kulirudisha ni kazi kubwa. Kabla ya kutoka hospitalini muulize daktari kwa maneno haya haya: nikanyage kiasi gani, na kuanzia lini? Wengine huambiwa waguse chini kwa ncha ya kidole tu, wengine wenye msumari huruhusiwa kukanyaga mapema. Jibu la jirani yako si lako. Lakini kuchezesha vidole na kifundo, kukaza msuli wa paja, na kukunja goti pole pole huanza mapema kwa karibu kila mtu, daktari asipokataza. Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mgonjwa pamoja na magongo.

Mchanga wa kwetu humeza ncha za magongo. Fundi wa viatu anaweza kushonea kipande kipana cha mpira wa tairi chini yake. Choo cha kuchutama nacho ni mtihani. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kikawekwa juu ya shimo huondoa taabu hiyo. Swala huswaliwa kwenye kiti, au kwa kulala asiyeweza kukaa, na bendeji isiyofaa kuloweshwa hupanguswa juu yake. Chuma kilicho ndani ya mwili hakina neno na udhu.

Kidonda kiwe kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, kazi ambayo zahanati ya karibu inaiweza. Kisipakwe samli, majivu wala dawa ya unga. Waganga wa viungo wana heshima yao, na wapo wanaojua kazi, lakini mguu wenye chuma haukandwi wala haufungwi vijiti. Usaha, homa, wekundu unaopanda au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni dalili za kuondoka siku hiyo hiyo. Uchafu ukishashika chuma, vidonge vya dukani haviutoi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, huenda ni damu iliyoganda, na hiyo haingoji kuche. Ndiyo sababu katika safari ndefu ya gari ni lazima kusimama kila baada ya saa moja au mbili, unyooshe mguu na kuchezesha vidole.

Chakula hakihitaji fedha nyingi: maziwa, mayai, maharagwe, nyama, dagaa wakipatikana. Jua la asubuhi lina faida, hasa kwa kina mama wanaoshinda ndani. Sigara huchelewesha mfupa, hilo halina ubishi. Miraa huondoa hamu ya kula, na mara nyingi huandamana na sigara hiyo hiyo.

Miadi ya eksrei huwa karibu na wiki ya 6, kisha mwezi wa 3 na wa 6. Hapa ndipo watu wa Sangailu huumia, maana mvua ikishika, njia hufungwa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara nyingi za Garissa na Tana River. Msimu wa mvua ukikaribia, omba miadi isogezwe mbele, wala usiiache ipite. Hifadhi picha za eksrei na karatasi ya upasuaji inayotaja aina ya chuma, ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari mwingine akitaka kukitoa, bila karatasi hiyo huenda akakosa kifaa kinachoingia kwenye skrubu zako.

Je, ni lazima kitolewe? Kwa mtu mzima asiyesumbuliwa, hapana. Kinaweza kukaa maisha yote. Watoto hutolewa mara nyingi kwa kuwa bado wanakua. Kikitolewa, kwa kawaida si kabla ya mwaka mmoja, na baada yake mfupa hubaki na matundu ya skrubu, hivyo mizigo mizito na mpira husubiri wiki kadhaa. Huo ni upasuaji kamili wenye gharama yake. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA badala ya NHIF, basi uliza mapema hospitalini italipa nini, kabla familia haijauza ng'ombe.