Amri za kunakili faili: cp ya zamani na ndugu zake wa leo

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima. Ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Siku zile, aliyetaka kupeleka sauti, picha au karatasi za familia kutoka Lubudi hadi Kolwezi alitia flashi mfukoni akapanda barabara. Hata leo mtandao ukiwepo, unakatika, umeme nao unakatika, na ndiyo maana historia ya amri hizi inatugusa.

Ya kwanza ni cp. Imo katika kitabu cha maelekezo cha Unix cha Novemba 1971, huko Marekani, na ingali inafanya kazi katika kila Linux. Ni amri isiyo na maneno mengi: haionyeshi imefika wapi, na ikikuta faili yenye jina lile lile inaandika juu yake bila kuuliza. Tena inaipa nakala tarehe ya leo. Kwa familia iliyokimbia, jambo hilo si dogo: risiti ya kiwanja iliyopigwa skana miaka sita iliyopita itaonekana kama imetengenezwa jana. Dawa yake ni herufi moja tu: cp -p, inayotunza tarehe ya asili.

Kwa kupeleka faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilikuja rcp, kazi ya Chuo Kikuu cha Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipeleka kila kitu wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland, baada ya wezi kunasa nywila katika mtandao wa chuo chake, alitengeneza SSH, na humo ndimo ilimotoka scp. Siri ikalindwa. Lakini tatizo la Lubudi likabaki pale pale. Mahojiano ya saa moja yaliyorekodiwa kwa ubora wa CD yana uzito wa megabaiti 635 hivi. Laini ikikatika zikiwa zimebaki 30, scp inaanza tena toka sifuri, na mega ulizonunua zimekwisha.

Jibu lilitoka Australia mwaka 1996, kwa Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Programu yao, rsync, inagawa faili vipande vipande, inampa kila kipande alama ya hesabu, kisha pande mbili zinalinganisha alama. Kinachosafiri ni kile tu ambacho upande wa pili haukina. Ila kuna mtego: ikikatika, rsync kwa kawaida inafuta kipande kilichofika nusu. Lazima kuongeza -P ili ikitunze na kuendelea kutoka pale. Na rsync iwe imewekwa katika kompyuta zote mbili. Ofisi zenye Windows zina robocopy, nayo ikiongezewa /Z inaweza kuendelea pale ilipokatikia.

Je, cp imezeeka? Kwa flashi, bado inatosha. Kosa linatokea mwishoni: amri inarudi kimya, mtu anachomoa flashi, kumbe kompyuta ilikuwa ingali inaandika. Andika sync kwanza, ungoje. Wengi huharibikiwa pia na mv, amri ya kuhamisha, kwa sababu inafuta asili. Karatasi za familia zinakiliwe, zisihamishwe.

Kisha chomoa flashi, irudishe, na ulinganishe kwa cmp, amri nyingine ya zamani. Ikisema neno, nakala ina kasoro. Ikinyamaza, faili hizo mbili ni sawa, na kompyuta ya zamani inaweza kuuzwa.