Ulimi Mwekundu na Mwanafunzi Aliyeuchora

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani, ni nani kati yetu aliyekaa bweni asiione tranka iliyobandikwa stika? Nyingine zilikuwa za timu za mpira, nyingine za dini, na nyingine za bendi. Miongoni mwa hizo za bendi, wengi mtaikumbuka ile yenye midomo minene myekundu na ulimi uliotolewa nje. Hiyo ni nembo ya Rolling Stones, bendi iliyoanzishwa London mwaka 1962. Mimi niliwaeleza wenzangu bwenini, tena kwa majigambo, kwamba ulimi ule ulichorwa na Andy Warhol, msanii mashuhuri wa Marekani. Nilikosea, na leo nataka kulisahihisha kosa hilo, maana mchoraji wa kweli alikuwa mwanafunzi.

Tuanze na stika yenyewe. Zamani aliyetaka kubandika tangazo alipaka gundi kwa mkono. Mwaka 1935, R. Stanton Avery wa Los Angeles alianza kutengeneza kwa mashine lebo zilizokwisha kupakwa gundi, ambazo mtu huzibandua kwenye karatasi ya nyuma na kuzigandamiza kwa kidole tu. Kabla ya hapo, mwaka 1907, Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hataza ya namna ya kupiga chapa kwa kitambaa cha hariri. Kitambaa huwambwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa kupitisha wino huzibwa, kisha wino husukumwa juu yake kwa kipande cha raba. Njia hiyo hutumika hata leo kwa stika na fulana.

Katika kazi hiyo kila rangi huhitaji fremu yake. Rangi nne ni fremu nne, na kila stika hupita chini ya raba mara nne. Fremu ikisogea kidogo tu, rangi hutoka nje ya mstari na karatasi imeharibika. Aidha, picha yenye mambo mengi, hata ikiwa inapendeza ukutani, ikipunguzwa hadi kuwa sawa na kiganja hugeuka doa. Basi stika njema hutaka rangi chache, mistari minene na wazo moja.

Sasa turudi kwenye ulimi. Mwaka 1970 ofisi ya Rolling Stones iliuomba uongozi wa Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, uwapatie mwanafunzi wa kuwachorea bango la safari yao ya Ulaya. Aliyepatikana ni John Pasche. Baada ya bango hilo aliombwa pia nembo. Mwimbaji Mick Jagger alimwonyesha picha ya Kali, mungu wa kike wa Wahindu, ambaye huonyeshwa ulimi ukiwa nje. Pasche hakuinakili picha nzima. Alichukua kinywa na ulimi tu, akavipa wekundu, weusi na weupe. Katika stika ya karatasi nyeupe, weupe ni wa karatasi yenyewe, hivyo wino mbili zinatosha.

Kwa kazi hiyo alilipwa pauni 50. Mwaka 1972 akaongezwa pauni 200. Nembo ilitokea kwenye santuri ya Sticky Fingers mwaka 1971, na toleo la Marekani lilifanyiwa marekebisho na Craig Braun, aliyeshughulikia jalada huko. Wazo la jalada lenyewe, la suruali yenye zipu, lilikuwa la Warhol. Watu waliposikia jina kubwa, wakampa na ulimi pia. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London liliununua mchoro wa asili wa Pasche kwa dola 92,500 katika mnada nchini Marekani. Karatasi hiyo ilikuwapo, na mwenye kuichora alijulikana, ndiyo sababu ukweli umeweza kusimama.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bendi za shule nazo huchapisha stika zao za tamasha. Mara nyingi mchoraji ni kijana wa Kidato cha Tatu au cha Nne anayesifiwa kwa mkono mzuri, naye hupewa soda na asante. Tamasha likiisha, majina ya waimbaji hubaki midomoni mwa watu, na jina lake hupotea. Tusiseme kwamba ni kazi ndogo. Wengi watakaoiona stika hawataisikia bendi hata mara moja; watakachokijua ni mchoro tu.

Kwa hiyo ninawaomba wadogo zetu mambo matatu. Kwanza, pataneni na mchoraji kabla ya kazi, na mapatano yaandikwe. Pili, jina lake na mwaka vichapwe pembeni mwa stika, hata kwa herufi ndogo. Tatu, mchoro wa asili uhifadhiwe maktabani pamoja na stika moja. Nasi wakubwa tupekue tranka zetu. Anayemkumbuka aliyechora stika iliyobandikwa humo, na aje na jina lake siku ya mkutano wetu.