Mawe ya Figo Hayatoki Kisimani

Holili iko upande wa chini wa Wilaya ya Rombo, mpakani na Taveta, mbali na ubaridi na migomba ya Marangu. Jua ni kali, malori hupanga foleni kuvuka mpaka, na kazi nyingi hufanywa nje. Mtu akibanwa na maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka hadi kinenani, kisha akaambiwa ana mawe kwenye figo, lawama huangukia maji haraka sana. Ushahidi unaotolewa ni ukoko mweupe ulioganda ndani ya sufuria ya chai.

Ushahidi huo haufai. Ukoko wa sufuria ni kalsiamu kaboneti, ambayo hujitenga na maji yanapochemshwa. Mawe ya figo, takriban manne katika kila matano, ni ya kalsiamu pia, lakini mengi kati yake ni kalsiamu oksaleti. Oksaleti hutengenezwa na ini, nyingine huja na chakula: mchicha, spinachi, karanga, chai ya rangi.

Kiini cha tatizo ni kukolea kwa mkojo. Kwa siku figo huchuja takriban lita 180 za majimaji na kuyarudisha karibu yote mwilini. Kinachotoka ni lita moja na nusu hivi. Mpakia mizigo anayetokwa jasho kutwa na kunywa soda moja anaweza kutoa nusu lita tu, ilhali taka za kutolewa hazikupungua. Hapo chumvi huzidi kiwango kinachoweza kuyeyuka, na fuwele huanza kujengeka. Mkojo una kinga yake, hasa sitreti, ambayo hushikana na kalsiamu kabla oksaleti haijaifikia. Kinga hiyo ikipungua, fuwele hukua. Mwaka 1937 daktari Mmarekani Alexander Randall alieleza mabaka ya kalsiamu kwenye ncha za ndani za figo. Juu ya mabaka hayo jiwe hupata pa kushika, likakua bila kusombwa na mkojo.

Joto linaweza kufanya kazi hiyo upesi mno. Miongoni mwa wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Kuwait na Iraq na kupata mawe, dalili zilijitokeza baada ya wastani wa siku 93. Kwa upande wa kinga, watafiti wa Italia walichapisha mwaka 1996 matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 5 wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Waliohimizwa kunywa maji mengi, jiwe liliwarudia 12 katika kila 100, wenzao, 27.

Kosa la pili linaumiza zaidi: mgonjwa kuacha maziwa kwa sababu yana kalsiamu. Kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti tumboni, zikashikana na kutoka na choo kabla hazijafika kwenye figo. Mwaka 2002 watafiti hao hao walilinganisha wanaume 120. Waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama walirudiwa na mawe karibu nusu ya wale waliobaniwa kalsiamu. Mchicha na mtindi katika mlo mmoja, basi, ni jambo jema. Cha kuonewa shaka ni chumvi, kwa kuwa huongeza kalsiamu kwenye mkojo.

Ushauri wa kunywa maji haumsaidii sana dereva asiye na uhakika wa choo safi njiani. Mwanamke anayeuza ndizi barabarani hupima kila kikombe kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo vyoo na maji ya kunywa penye foleni ni suala la figo, na halmashauri inapaswa kulibeba hivyo.

Si mawe yote yana asili moja. Bakteria fulani wa njia ya mkojo huvunja yurea, mkojo ukapoteza asidi, na jiwe likatanda hadi kujaza figo. Hilo kwa kawaida huhitaji kuondolewa na daktari. Jiwe la asidi ya yuriki, kinyume chake, huweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kukojoa juu ya kitambaa safi, na kijiwe kikinaswa, akipeleke hospitali kipimwe.